Masomo Yanayohesabiwa

Jumapili, 6 Septemba 2015

Kwako Mama Natasha,

Bwana Yesu asifiwe. Hujambo wewe, na Natasha hajambo? Sisi huku tuko wazima, mimi na mume wangu Mugisho na wadogo wawili wa Héri, ila baridi ya ndani ya kiwanda cha nyama imetuingia mifupani kabla ya baridi ya nje kufika. Nakuandikia kwa karatasi juu simu yetu ni ya shida. Wewe ukitoka kwa wale wazee unaowatunza, mimi naingia kwenye nyama, na huko ndani simu ni marufuku. Pasta Munyaneza anakuja huku mara kwa mara kuombea familia za Wakongo, naye amekubali kubeba barua zetu mpaka kwako Richfield.

Sijui nianzie wapi kukushukuru. Mtu kuhama mji, akaacha mtoto wake wa kwanza kwa mwanamke wa kanisa, tena Mkenya! Wifi yangu kule Bukavu ameniuliza kama tulimuuza. Nimemweleza kwamba Héritière ameingia darasa la kumi na moja, sheria ya hapa Marekani inamruhusu kumaliza shule aliyoianza, na kocha wake wa kurusha tufe amesema ana mkono wa kumfikisha chuo. Lakini kusema kweli hata mimi sikuelewa. Mkono unamfikishaje mtu chuo? Nilichoelewa ni wewe. Ulikuja ukakaa chini kati ya makatoni yetu, ukasema, "Mwacheni kwangu, chumba kipo." Basi.

Sasa nikuambie juu yake. Ni mkubwa wa mwili, unaona mwenyewe. Kule kambini Burundi watoto walimwita Lori, na tangu hapo anatembea kama mtu anayeomba radhi kwa kupita. Akinyamaza mezani, hajakasirika. Na anakula sana, usiogope kumkatalia.

Msalimie. Mwambie baba yake naye anamsalimia, ingawa hakunituma.

Ni mimi dada yako,
Mama Héri


Jumamosi, 17 Oktoba 2015

Dada Bernardine mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama nyote, na mikono yako imepona ile michubuko ya glavu. Sisi hatujambo. Natasha amekuwa na mafua, na Héri ndiye aliyempikia uji, mimi nikiwa kazini.

Kuhusu chakula, sijamkatalia na sitamkatalia. Mwenye kurusha tufe la chuma hawezi kuishi kwa mkate na chai.

Dada, kuna jambo nimeligundua na ni lazima nikueleze polepole. Kuna chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchi hii. Mwanafunzi akitaka kuchezea chuo, chama hicho kinapekua masomo yake yote ya sekondari. Wanataka masomo kumi na sita ya uzito wao: Kiingereza, hesabu, sayansi, historia. Yale madarasa ya Kiingereza cha wageni ambayo Héri alisoma miaka miwili ya kwanza hayahesabiwi. Alipata A safi, na shule itampa cheti chake bila taabu. Lakini kwa watu wa vyuo ni kana kwamba hakuwahi kukaa darasani.

Hili lilimpata kijana wa Mzee Nahashon wa Eden Prairie, yule aliyekuwa anakimbia. Alikuja kujua baada ya kuvaa joho la kuhitimu na kupigwa picha. Mama yake aliponisimulia, nilitoka hapo nikaenda shuleni na sare yangu ya kazi. Mshauri wa masomo ni mama mwema, ila wanafunzi wake ni wengi mno. Akaniambia, "Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za chuo kwa huyu binti."

Nikamwambia, "Mimi nauliza."

Tulikaa tukapanga ratiba upya. Darasa la mapishi, ambalo analipenda, limetoka. Kiingereza cha kawaida kimeingia mara mbili. Likizo ya kiangazi atasoma. Héri, ambaye siku hizi ananiita Tantine kama shangazi zake, alisikiliza yote mpaka tulipofika kwenye gari. Hapo ndipo akaniuliza, "Tantine, zile A zangu zimeoza?"

Nikamwambia, "Hazijaoza. Ndizo zilizokufundisha Kiingereza ulichozungumza na mshauri leo." Sijui kama aliniamini. Alifungua dirisha akaangalia nje hadi nyumbani.

Mdogo wako,
Jedidah


Alhamisi, 26 Novemba 2015

Mama Natasha,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Leo wenyeji wanakula bata mzinga wao wa shukrani, kiwanda kimefunga, nami nimepata nafasi ya kukujibu. Tuko wazima. Pasta anakuletea sombe ya majani ya muhogo niliyoitwanga mwenyewe, na samaki wa kukausha. Mle vyote, msihifadhi.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza sikuelewa, nikaisoma tena nikaogopa. Ya tatu ndiyo nikakushukuru. Mtoto wangu angevaa joho, sisi tungepiga vigelegele, na mlango ungekuwa umekwisha kufungwa bila sisi kusikia hata kishindo. Aksanti kwa kwenda kuuliza. Mimi nisingejua kama kuna swali.

Nilimsomea Mugisho. Alicheka kwanza. Akasema, "Yaani mtu anatupa chuma, halafu wanamuuliza historia?" Kisha hakucheka tena. Kwake mchezo ni wa watoto, na msichana wa umri ule ni wa kusaidia nyumba. Simlaumu. Anasimama siku nzima mbele ya nyama inayopita kwenye kulabu, na jioni hawezi kukunja vidole.

Naomba kitu kimoja. Jumapili akinipigia simu, mwache azungumze peke yake chumbani. Nasikia anachagua maneno kama kuna mtu anamsikiliza. Sitaki anidanganye kwamba yote ni mazuri.

Dada yako,
Mama Héri


Jumanne, 15 Machi 2016

Dada mpendwa,

Shikamoo. Habari za wadogo? Theluji kwetu imebaki kwenye pembe za maegesho tu, nyeusi kama masizi.

Sombe iliisha siku ile ile. Natasha, ambaye mboga za kwangu huzisogeza pembeni ya sahani, aliomba nyingine.

Uliniomba usidanganywe, basi nami sitakudanganya. Héri anaanguka aljebra. Si uvivu, namwona anavyokaa nayo. Msimu wa riadha umeanza, na shule haimruhusu mtu anayeanguka somo kushindana. Wiki mbili zilizopita kocha alituita, mimi na yeye. Ni mtu mzuri, anampenda, na alidhani ametuletea msaada. Alisema kuna darasa la hesabu nyepesi. Héri akihamia huko leo, Jumamosi atakuwa uwanjani.

Nikamuuliza, "Hiyo hesabu nyepesi inahesabiwa na watu wa vyuo?"

Akakuna shingo. "Hapana. Lakini kama hatashindana, hakuna chuo kitakachomwona."

Dada, alisema kweli. Abaki kwenye hesabu ngumu, haonekani. Aende kwenye nyepesi, wamwone na wasiweze kumchukua. Nilikuwa nimefungua kinywa niseme chochote tu, Héri akanitangulia. Alimwambia kocha kwa Kiingereza, pole pole, "Nitabaki kwenye ile ngumu. Nikikosa kushindana, nitakosa."

Kocha akasema basi atatafuta mtu wa kumfundisha baada ya mazoezi, na amempata, mwanafunzi wa chuo anayekuja maktaba ya Richfield. Mashindano mawili ya kwanza yamepita. Héri alikwenda yote, akabeba maji ya wenzake.

Mdogo wako,
Jedidah


Jumapili, 24 Aprili 2016

Jedidah mdogo wangu,

Salamu. Mimi ni mzima, wadogo ni wazima. Mugisho si mzima.

Kulabu ya nyama ilimshika begani wiki mbili zilizopita, ikamvuta. Wamempasua. Mkono wa kuume umefungwa kifuani na daktari hasemi lini utafunguka. Sikukupigia juu nilijua Héri angesikia sauti yangu na kujua.

Sasa neno lenyewe. Mugisho anasema Héri aje. Kwenye karatasi zake za ukimbizi ana miaka kumi na minane tangu Januari, kiwanda kitamwandika. Ana nguvu, anasema, na nguvu hizo nyumba inazihitaji sasa. Nilimjibu kwa ukali, kisha nikatoka nje nikalia, juu sikuwa na hoja.

Usinifariji. Nataka uniambie kama ungeambia mgonjwa wako anayeuliza kweli. Mtoto huyu ana nafasi, au tunapendana tu?

Dada yako


Alhamisi, 28 Aprili 2016

Dada yangu,

Pole. Pole sana, wewe na Baba Héri. Tumemweka kwenye maombi hapa nyumbani, na akina mama wa kanisa wanakuja kwako na Pasta Jumamosi hii. Usiwapikie. Wanakuja na vyakula vyao.

Umeniuliza kweli. Vyuo vya daraja la kwanza, vile vikubwa vya kwenye televisheni, mlango wake umefungwa. Vinataka masomo kumi yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho, na Héri hawezi kufika hapo hata akisoma usingizini. Vyuo vya daraja la pili bado viko wazi, ikiwa atafaulu aljebra, na masomo ya kiangazi, na mwaka wote ujao, na mtihani wa kuingilia chuo. Mpaka leo hakuna chuo kilichomwandikia. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba sijui. Nafasi ipo, ni nyembamba.

Nilimsomea barua yako, maana ni maisha yake. Hakulia. Aliingia chumbani, akatoka na mfuko wake wa nguo umejaa, akauweka karibu na mlango, akarudi mezani kumalizia zoezi la hesabu. Nikamuuliza, "Mbona unafanya hesabu kama unaondoka?" Akasema, "Ni ya kesho, Tantine."

Alama zake za aljebra kwa sasa zimevuka. Kwa shida, lakini zimevuka, na wiki hii ameruhusiwa kushindana. Jumamosi ya tarehe saba Mei wanashindana kule Roseville. Nawaomba mje, wewe na Baba Héri. Baba yake hajawahi kumwona akirusha. Mfuko utakuwa kwenye buti la gari langu. Akishaona, akisema bado binti aje, nitaufungua buti mwenyewe, na sitanung'unika wala mbele yenu wala nyuma yenu. Ni binti yenu.

Mdogo wako,
Jedidah


Jumapili, 15 Mei 2016

Mama Natasha,

Bwana asifiwe, tena asifiwe. Tulifika salama. Mugisho amelala vizuri wiki hii kwa mara ya kwanza tangu bega. Wale akina mama waliokuja waliacha friji yangu haifungiki.

Siku ile Roseville tuliondoka kwa haraka na wewe ulikuwa unawahi shifti, kwa hiyo kuna mambo hukuyasikia. Acha nikusimulie.

Wewe ulimwona alivyorusha. Ile ya kwanza alikanyaga nje ya duara. Ya pili ikaenda mbali, watu wakapiga makofi, mimi nikaruka kama msichana. Nilimtazama Mugisho, amesimama kwenye uzio na mkono wake uliofungwa. Alishika nafasi ya tatu, na nilijua ya tatu haitamtosha baba yake. Nikaanza kuufikiria ule mfuko, ubaki kwako au turudi nao, nikaomba, Bwana, mapenzi yako.

Halafu yule mama mrefu mwenye kofia akaja, kumbe ni kocha wa chuo kimoja cha kaskazini. Akamsalimia Mugisho kwanza, akampa mkono wa kushoto juu aliona wa kuume umefungwa. Kisha akaanza kumuuliza Héri maswali, na Héri akajibu, akajibu sana. Jedidah, sijawahi kumsikia mtoto yule akisema maneno mengi hivyo mfululizo, katika lugha yoyote. Tena alisimama wima. Alikuwa mrefu! Sikujua mtoto wangu ni mrefu hivyo.

Kwenye gari Mugisho akaniuliza, "Alikuwa anamwambia nini yule mzungu?"

Nikasema nilichoshika na alichonieleza Héri mwenyewe. "Alimwambia masomo ambayo bado hana. Na kwa nini hana. Na lini atayapata."

"Alimwambia aliyoshindwa?"

"Yote."

"Na yule mama hakuondoka?"

"Hakuondoka. Alimpa namba yake."

Tulikwenda mpaka tukaacha taa zote za mji nyuma. Mimi nilikuwa nimekwisha kujua mfuko umebaki kwako, maana hakuuulizia. Nilikuwa nangoja tu alitamke. Mwishoni akasema, "Mimi kule kiwandani, tangu tulipofika, sijawahi kumwambia mtu kwamba kuna neno silijui. Naitikia kwa kichwa tu. Hata ile mashine walinieleza, nikaitikia kwa kichwa." Kisha akasema, "Mwache asome."

Mimi nimechukua shifti ya pili, na watu wa bima ya kazi wamekubali kumtunza Mugisho mpaka apone. Tutapita.

Aksanti kwa kuweka mfuko kwenye buti. Ungeuficha, Mugisho angejua.

Dada yako,
Mama Héri


Jumatatu, 5 Septemba 2016

Dada Bernardine,

Shikamoo. Bega linaendeleaje? Nimefurahi kusikia Baba Héri ameanza kuinua kikombe.

Kiangazi kimekwisha na Héri amefaulu yote mawili, Kiingereza na hesabu. Wenzake walikuwa ziwani, yeye alikuwa darasani pamoja na vijana waliofeli kwa utoro, na mwalimu akamuuliza anafanya nini pale. Yule kocha wa kaskazini anapiga simu na kuuliza aljebra kabla ya kuuliza tufe. Nimempenda.

Lakini leo nataka nikushukuru mimi, maana naona wewe ndiye unashukuru kila barua, kana kwamba mimi nimetoa tu. Unajua nilivyohangaika na Natasha. Nikimsemesha Kiswahili, anajibu kwa Kiingereza. Mama yangu kule Nyeri akipiga simu, wanabaki kusikilizana pumzi. Wiki iliyopita nimerudi kutoka kazini nikawakuta jikoni, Héri anamfundisha kusonga ugali, na Natasha anamwambia, "Ngoja kwanza, iko inashika chini." Nilisimama mlangoni na viatu mkononi. Jumapili bibi yake alipopiga simu, Natasha alimwambia "aksanti sana, Cucu," kwa lafudhi ya Bukavu kabisa. Mama yangu alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniuliza nimeolewa na nani huko.

Kwa hiyo usinishukuru peke yangu.

Mdogo wako,
Jedidah


Jumatano, 21 Juni 2017

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Bado nasikia vigelegele vyako vya siku ya joho. Nadhani hata uwanja wa ndege walivisikia.

Majibu ya chama cha vyuo yametoka leo, na nakuandikia kabla mtu mwingine hajakueleza vibaya. Masomo yote kumi na sita yamekubaliwa. Yote. Mtihani wa kuingilia chuo ndio uliokosa kidogo, hata baada ya kuurudia. Kwa hiyo wamempa nusu. Chuo kinamchukua, ufadhili wake anapata, atafanya mazoezi na timu. Ila mwaka wa kwanza hatavaa jezi ya kushindana. Wa pili, akifanya vizuri darasani, anashindana kama wengine.

Nilikaa na habari hiyo kwenye gari nikitafuta namna ya kumwambia. Nilidhani atavunjika. Nilipomaliza akaniuliza tena, ili ahakikishe, "Nasoma?"

"Unasoma."

"Na ninarusha?"

"Unarusha, ila hawapimi."

Akakaa. Akasema, "Tantine, mwaka mzima wa kusoma na kurusha, na hakuna mtu ananipima. Sijawahi kupata mwaka kama huo tangu nimezaliwa." Akaenda kumwamsha Natasha amwambie.

Mimi ndiye niliyelia. Kwa furaha, na pia kwa kuwa Agosti chumba kile kitakuwa kimya. Tutakuwa Nyeri wakati mnampeleka, tiketi tulikata mapema mno. Niandikie kila kitu.

Mdogo wako,
Jedidah


Jumapili, 20 Agosti 2017

Mama Natasha mdogo wangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Cucu hajambo? Mwambie kuna binti yake huku asiyemjua, anamshukuru kwa kukuzaa. Nimeandika kwa karatasi kama kawaida yetu, Mugisho ataipiga picha kwa simu ili ikufikie huko.

Tumempeleka. Njia ni ndefu, na kila tulipodhani tumefika kulikuwa na shamba jingine la mahindi. Chumba chake ni kidogo, kina madirisha mazuri. Mwenzake wa chumba ni msichana mwembamba anayeogelea, amekuja na wazazi wake na mito mingi. Mama yake aliniuliza kama mimi ndiye mama wa Héri. Nikasema ndiyo, ila yuko mwingine, amesafiri. Alidhani sijui Kiingereza. Héri akamwambia, "Ni kweli, wako wawili."

Nilikuwa nimejiandaa kulia wakati wa kuagana, kumbe sikupata nafasi. Yule kocha alitupeleka kuona uwanja. Duara la kurushia ni la saruji mpya, na matufe yamepangwa kando yake. Mugisho aliyatazama. Miaka yote hii hajawahi kugusa hata moja. Akamuuliza Héri kama inaruhusiwa. Héri akamuuliza kocha, kocha akarudi nyuma hatua chache na kumwonyesha mkono, karibu.

Akalichukua kwa mkono wa kushoto, juu wa kuume bado haupandi. Akaliweka shingoni kama alivyoona wengine wanafanya. Akajizungusha, baba wa watu, na kofia yake ya kanisani, akalisukuma kwa nguvu zote alizo nazo. Likaanguka pale kwenye majani ya ukingo wa duara, karibu kabisa na kiatu chake.

Jedidah, Héri alicheka. Si kile kicheko chake cha kufunika mdomo. Aliinama akashika magoti, akacheka na mdomo wote wazi, na kocha akacheka, nami nikacheka. Mugisho akatutazama sisi wanawake watatu, kisha akalitazama lile tufe majanini, akalisukuma kidogo kwa ncha ya kiatu.

"Kumbe ni zito hivi," akasema.

Akaliokota, akalifuta udongo kwa shati lake la Jumapili, akampa binti yake.

Mama mwenzako,
Bernardine